Herufi Haikuhama

...chumvi ya damu imeshuka wiki nzima, utaipandisha kwa kasi gani, mwenyekiti wa kamati ya mtihani analisoma swali la arobaini na moja kama anayesoma wosia wa jirani, na daktari anatabasamu, kwani hili ni lake, alilitunga miaka sita iliyopita, jibu sahihi B, anamaliza mwenyekiti, haraka, ndani ya saa chache... haraka? Haraka ndiyo sumu yenyewe, mgonjwa huzinduka vizuri, hucheka, kisha baada ya siku mbili tatu ubongo unaharibika, anabaki kupepesa macho tu, jibu ni polepole, sasa hii B imetoka wapi, ah, ile kanuni ya wahariri, majibu yapangwe kuanzia fupi hadi refu, wasomi bwana, wakikosa kazi hupanga fanicha, naye daktari akayapanga upya mwenyewe, chai ikipoa, polepole ikashuka C, haraka ikapanda B, na kwenye orodha ya majibu sahihi herufi haikuhama, ikabaki B, na kila mwaka mtu wa takwimu akinung'unika kwamba hili wanafunzi hodari wanalikosa, wanakamati wakicheka, basi ndilo kiboko yao, wakalitia hadi kwenye kijitabu cha mazoezi pamoja na majibu, watoto wa watu wakakariri, wakapewa leseni... "Daktari, una neno?" Neno, analo, ila asubuhi ya leo inamwingilia, wodi, mama yake kitandani akimwita kwa jina la shangazi marehemu, na yule kijana wa leseni mpya, koti bado lina mikunjo ya dukani, shikamoo daktari, chumvi ya bibi iko chini sana, tumeshaanza dripu, usiwe na wasiwasi, "Hili nililipata kwenye mtihani," naye daktari, kikao kikimwita, akampigapiga kijana begani, akamwambia mdogo wake kaa na mama, yuko kwenye mikono salama... alilipata, Mungu wangu, alilipata, na simu inatetemeka juu ya karatasi, ni mdogo wake, dada, mama amezinduka, ameniita jina langu, anataka chai, huyu kijana ana mkono mwepesi, na mwenyekiti kalamu ameinua, anauliza tena, basi swali limepita? wenzake wanaitikia kwa vichwa, dirishani jua ni lile lile, na yeye anausoma tena ujumbe, amezinduka, anataka chai, wote huzinduka kwanza, wote...