Chokaa ya Hajati

Vumbi lilidondoka tena kwenye unga Zanuba akiukanda. Akainua uso kuutazama ufa. Wiki iliyopita ulikuwa unapitisha kidole cha mtoto. Leo aliingiza chake mwenyewe, na upande wa pili akausikia upepo wa kichochoro.

"Baba Sayida, njoo uone! Ukuta umejifungulia dirisha."

Mitwali, mumewe, alikuwa uani anamwekea matandiko punda wake wa kukodisha. "Usiuchokonoe, mke wangu. Usije ukakutoboa macho bure."

Sayida, binti yao wa miezi minane, alikuwa ameshaanza kutambaa kwenda huko huko kwenye ufa, maana ndiko mwanga ulikoingilia. Zanuba akamdaka mguu. Chumba kilikuwa kimoja tu. Hapakuwa na pembe ya kumhamishia mtoto.

Ukuta wenyewe haukuwa wa kumshinda mwashi. Kilichoshinda ni mstari mwekundu. Watu wa ofisi ya barabara walipita zamani na ndoo ya rangi, wakapiga mstari nyumba zote za upande wao wa mtaa, kwamba hapo itapita barabara mpya, pana, iliyonyooka kama uzi. Nyumba yenye mstari hairekebishwi. Huongezi tofali, huzibi tundu. Unaingoja ianguke yenyewe, ili serikali isije ikailipia. Fundi Bayumi, mwashi wa mtaa, aliwahi kumzibia kinyozi tundu la panya. Akalala mahabusu na mwiko wake ukachukuliwa.

Zanuba akavaa baibui lake, akampandisha Sayida begani, akaenda ofisini.

Msimamizi wa mtaa wao, Wahbi Efendi, alikuwa anakunywa kahawa. Mbele yake ilitandazwa karatasi kubwa kama mkeka. Zanuba alikuja na maneno yake tayari, lakini alipoiona ile karatasi yote yakamtoka.

"Ndiyo hii barabara, Efendi?"

"Ndiyo."

"Loo! Na sisi tuko wapi humu?"

Wahbi Efendi, ambaye hakuwahi kuulizwa hivyo, akaweka kikombe chini. Akatafuta kwa kidole. "Kisima chenu hiki hapa. Basi nyumba yenu... hapa. Penye mti."

Zanuba akainama. Mti ulichorwa vizuri, mviringo, na kivuli chake. "Hapa ndipo ninapolala. Ni mti gani, Efendi?"

"Mti tu."

"Unazaa?"

"Mama, ni mti wa barabarani!"

Sayida akanyoosha mkono kuushika. Efendi akaivuta karatasi yake.

"Sasa watajenga lini?" Zanuba akauliza.

Efendi akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Hazina imekauka. Na hata ikijaa, wametoa ramani nyingine. Barabara inapita upande wa msikiti, si kwenu tena."

"Alhamdulillahi! Basi nitengeneze ukuta wangu."

"Huruhusiwi. Hii ya kwanza haijafutwa."

"Wa kuifuta nani?"

"Sijui."

"Efendi, wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Wazee hawakuwa na ofisi. Ukiziba, nitamfunga mwashi wako. Nenda salama."

Alirudi polepole, ule mti bado unamzunguka kichwani. Karibu na tanuri la mkate akasimama. Nyumba ya muuza mafuta ilikuwa imewekewa jukwaa la miti hadi juu. Watu wanapaka chokaa, mchoraji anachora ngamia na meli yenye moshi. Muuza mafuta alikuwa njiani kutoka Maka, na nyumba ya hujaji lazima imngoje ikiwa safi. Mstari mwekundu pale ukutani ulikuwa umefunikwa na tumbo la ngamia, na askari aliyepita aliinua mkono akawaombea hija njema.

Zanuba akatazama jukwaa, akatazama askari, akaanza kwenda mbio, Sayida akicheka begani. Mama mkwe wake, Bi Sitita, alikuwa kwenye msafara huo huo!

"Fundi Bayumi! Chokaa ya Hija imekatazwa?"

"Nani athubutu? Wampige marufuku Mtume?"

"Na kilicho chini ya chokaa, nani hukitazama?"

Bayumi akakuna ndevu. "Mama Sayida, wewe utanirudisha ndani." Lakini alikuwa ameshainuka kutafuta mwiko mwingine.

Alasiri jukwaa lilikuwa limesimama. Mchoraji alianza na ngamia upande wa mlango, kwa makeke, anaimba. Upande wa pili, nyuma ya shuka kuukuu la Mitwali, Bayumi alikuwa anatoa matofali mabovu na kutia mapya. Zanuba alimpa mtoto jirani, akawa anampandishia tofali moja moja.

Fimbo ikagonga ngazi. Wahbi Efendi.

"Nini hiki?"

"Bi Sitita anarudi kutoka Maka, Efendi. Tunampakia nyumba chokaa."

"Hija yake ikubaliwe." Akatazama lundo. "Chokaa gani inataka matofali?"

"Fundi ni mfupi, Efendi. Anakanyagia."

Juu ya jukwaa Bayumi, mrefu kama mnara, akakunja magoti pole pole. Mchoraji akaacha kuimba.

Efendi alilitazama shuka kwa muda. Lilikuwa linapeperuka, na kila likipeperuka tofali jipya lilionekana, na nyuma yake chumba cheusi. Akapangusa jasho shingoni.

"Mimi leo nimechoka," alisema. "Nitakuja kesho kukagua. Nikikuta limeongezwa hata tofali moja, naubomoa ukuta wote. Umesikia?"

"Nimesikia, Efendi. Kesho."

Walimsikiliza mpaka fimbo yake ikapotea kwenye kona.

"Tuache?" Bayumi akanong'ona. "Mama Sayida, huyu akija kesho?"

Zanuba aliitazama njia aliyopita Efendi, nyembamba, yenye tope, inayongoja miaka yote kuwa barabara.

"Kesho yao naijua," alisema. Akainama, akachukua tofali, akampandishia.