Mzaha Niliomficha Peris

Mimi Wakonyo mdomo wangu haujawahi kufungwa na mtu. Waulize pale soko la Kachibora, ninapouza viazi tangu Kiragu wangu akiwa mgongoni. Nikijua jambo asubuhi, kufika saa sita wauza kabeji wote wanalo, na Jumapili limefika kanisani. Marehemu mume wangu, Gathii, alikuwa akisema ati watu wa redio walikosea kutoniajiri. Kwa hivyo mkisikia kuna neno moja nililikalia miezi mitatu mizima, na kwa kulikalia nikakaribia kuvunja nyumba ya mwanangu, mjue halikuwa neno la kawaida.

Yote yalianza na magoti. Kwa miaka nilikuwa nikitafuna vidonge vya maumivu kama njugu, tumbo tupu, bila kumuuliza mtu. Mwaka wa 2005 tumbo likakataa. Daktari wa Kitale akanipima, akasema vile vidonge vimenichimba vidonda tumboni mpaka kwenye utumbo, akaniandikia dawa. Nikaipeleka karatasi kwa Walubengo, mwenye duka la dawa, mtu mzima wa miwani anayeongea polepole kama anahubiri. Akanieleza nimeze pamoja na chakula, nisikatize hata nikisikia nafuu, zile za magoti niziweke kando mpaka daktari aseme, na nikiharisha sana nirudi. Halafu, bila hata kutabasamu, akaniuliza, "Mama, una mimba?"

Jamani. Miaka sitini na moja! Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Yeye aliendelea kusema, naona midomo ikienda, naye anaandika kwenye bahasha ya kaki. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika sokoni kwa mawazo, nikijipangia vile nitaisimulia. Na nilisimulia. Wamboi wa nyanya alicheka mpaka akatokwa machozi, na wiki nzima watu walikuwa wakinipitia wakiuliza mtoto anacheza upande gani.

Wiki iliyofuata akaja Peris. Peris ni mke wa Kiragu, msichana wa Kabuchai. Wanaishi Bungoma mjini, Kiragu ana gereji yake huko. Alikuja kunisaidia kupukuchua mahindi, maana mgonjwa wa vidonda hainui magunia. Nampenda Peris, nalisema wazi, ingawa nilishamkosea. Mimba yake ya kwanza niliitangaza kanisani ikiwa changa kabisa. Akina mama wakaanza kufuma sweta. Ikatoka, na sweta zikaendelea kuletwa mlangoni kwake na watu ambao habari haikuwa imewafikia. Hakunilaumu hata siku moja. Ila tangu hapo niliapa kwamba mbele ya huyu mtoto, habari ya mimba sitaigusa.

Kwa hivyo ule mzaha wa Walubengo, niliousimulia Kachibora nzima, kwa Peris niliumeza. Ulinifika kwenye ulimi mara mbili tukipukuchua, nikaurudisha. Nikajisifu moyoni kwamba Wakonyo, uzeeni umepata adabu.

Siku ya tatu nikamwona akishika kifua baada ya kula, anatema mate, kiungulia kinamsumbua. Mimi daktari wa soko nikajua mara moja kwamba ni vidonda, si ndivyo vyangu vilivyoanza? Nikatoa bahasha yangu. Akakiweka kidonge kwenye kiganja, akakitazama.

"Mama, hii ni ya vidonda tu?"

"Ni ya vidonda. Meza."

Akameza. Tangu aolewe alikuwa hajanikatalia kitu, na hilo nilikuwa nikijivunia kwa watu. Jioni nikampa tena, na asubuhi nikamsimamia akinywa chai nikampa kingine.

Mchana huo alikaa chini katikati ya magunzi akakunja magoti. Nilipomwinua, leso aliyojifunga kiunoni ilikuwa imejaa damu. Jirani yetu Kipketer alitupeleka Kitale kwa pikapu yake, Peris ameuma upindo wa shati langu njia yote. Nesi alipompima akaniambia mimba ilikuwa ya karibu miezi mitatu, na imekwenda. Nikamuuliza, mimba gani? Peris akageuza uso ukutani. Ndipo nilipoelewa kwamba Kiragu alijua, mama yake kule Kabuchai alijua, na mimi sikuambiwa kwa sababu ya mdomo wangu. Ningekuwa yeye, nami nisingejiambia.

Nesi akauliza kama kuna dawa yoyote amekunywa. Na hapo, Mungu wangu, ule mzaha ukanirudia wote, pamoja na maneno niliyoyachekea: kwa mwenye mimba dawa hii inaweza kuitoa, usimpe mtu mwingine hata mkiumwa sawa. Bahasha ilikuwa ndani ya kibeti changu, kibeti kiko mapajani. Peris alikuwa amefumba macho.

"Hakuna," nikasema.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi huyo ndiye mjukuu niliyerudi naye Kachibora. Nilimlea miezi mitatu. Sokoni waliniuliza kwa nini siku hizi nimenyamaza, nikasema ni vidonda.

Halafu miezi hiyo mitatu ilipokuwa ikiisha, Kiragu akanipigia simu. Peris alikuwa amefunga nguo zake. Alikuwa anasema mwili wake ni wa kutupa watoto, umetupa wawili na utatupa wa tatu, na kwamba Kiragu aoe mwenye kuzaa. Mama yake alikuwa anakuja kumchukua kesho yake. Mwanangu, mwanamume mzima wa gereji, alilia kwenye simu, na mimi ndiye niliyejua sababu.

Asubuhi nilipitia kwanza kwa Walubengo nikamweleza yote. Alivua miwani, akaiweka kwenye kaunta. Nikamuuliza kama nimemfunga yule mtoto kizazi. Akasema apimwe na daktari, hiyo ni lazima, lakini dawa ile iliitoa mimba ile, si kwamba humzuia mtu asishike nyingine. Hakunikumbusha kwamba aliniambia. Afadhali angenigombeza.

Bungoma niliwakuta sebuleni, sanduku liko mlangoni. Mama yake Peris, Roselyne, alinikaribisha kiti. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama: mzaha wa Walubengo na onyo lake, bahasha, kiungulia, vidonge vitatu, na lile "hakuna" la hospitalini. Nikamwambia Peris mwili wake haukutupa kitu, ni mkono wangu. Kiragu alitoka nje, nikasikia akipiga teke debe. Roselyne alianza kulia kwa sauti ndogo.

Peris hakulia. Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Ile ya kwanza uliambia kanisa zima," akasema. "Hii ulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia."

Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na hakusema hajanisamehe. Aliinuka, akalichukua lile sanduku akalirudisha chumbani, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo peke yake. Kisha akaenda jikoni. Alirudi na chai ameishika kwa mikono miwili, kwa heshima, jinsi alivyofundishwa kwao.

"Karibu chai, Mama Kiragu."

Hilo ni jina langu la sokoni. Wamboi huniita hivyo, na Kipketer, na yeyote anayenunua viazi. Peris, tangu siku alipoingia kwangu, alikuwa akiniita Mama.

Nikaipokea ile chai nikasema asante, nikakaa.