Beberu Aliyeshinda Tuzo ya Maziwa

Uwanja mzima wa Migwani uliangua kicheko. Kipaza sauti kilikuwa kimetangaza kwamba mbuzi bora wa maziwa mwaka huu ni tagi 300, na tagi hiyo ilining'inia sikioni mwa beberu wa mzee Kitheka, mwenye ndevu hadi kifuani.

"Basi nileteeni sufuria nimkamue!" Kitheka alisema, akimvuta beberu wake mbele.

Mwongeli hakucheka. Programu ya kompyuta iliyotafuta mshindi aliiandika yeye, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Kando yake alisimama Abdiya, mfugaji aliyehamia hapa kutoka Garissa, kamshika mbuzi wake kamba.

"Dada, huyu amekamuliwa mbele ya watu wote, ndoo ikajaa. Sasa dume limeshinda aje?"

"Nipe dakika kidogo, mama. Hilo kosa nitalitafuta mpaka nilipate."

Akafungua kompyuta kwenye meza ya waamuzi. Vipimo vya maziwa havikuwa na shida. Hata tagi ya aliyetoa maziwa mengi zaidi, mbuzi wa Abdiya, ilikuwa sawa: 3E2, yaani kijiji cha tatu, kikundi E, mbuzi wa pili. Basi programu ilipotelea pale inapomtafuta mwenye tagi. Akaiambia Perl ijumlishe 3E2 na sifuri. Ikajibu: 300.

"Aiya!" Mwongeli akajipiga paja.

Alikuwa amelinganisha tagi kwa alama mbili za usawa, na Perl ikiziona alama hizo hugeuza maandishi kuwa namba. Ile E katikati ya tarakimu huisoma kama amri ya kuongeza sifuri: tatu, kisha sifuri mbili. Na kwa kuwa beberu alisajiliwa mapema, kabla tagi hazijaanza kutiwa herufi, ndiye aliyepatikana kwanza. Akazifuta alama zile, akaweka eq, ambayo hulinganisha herufi kwa herufi. Akaendesha programu upya. Jina la Abdiya likatokea.

"Kumbe kompyuta ndiyo ilikosea?" Abdiya aliuliza, akichungulia.

"Hapana, mama, ni mimi. Tagi yako ni kama jina, nami nikaiambia kompyuta iihesabu."

Abdiya akacheka hadi akashika kiuno. "Haya, tangaza basi, kabla hawajamkamua huyo dume!"

Abdiya alipokabidhiwa mtungi mpya wa maziwa, mzee Kitheka ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, kisha akamvuta kando kumuuliza kama angemuuzia mwana wa mbuzi yule. Mwongeli alirudi mezani, akaanza kuipitia programu mstari kwa mstari, maana mashindano ya kuku yalikuwa yanakaribia.