Bidoni ya Kwanza

Kwa miaka tisa, kila Jumanne, Libérat Niyonzima alimwaga chini maji ambayo watu wa Kalundu walikuwa wanakunywa, na kila Jumanne alirudi biro, ofisini kwake, akaandika kwamba maji ni safi.

Hakuwa mwongo. Hilo ndilo linalouma zaidi. Wenye mradi wa maji walimfundisha hivyo: fika kwenye robine, fungua, acha maji yatiririke dakika tano kwa saa ya mkono, ndipo uchote kichupa kimoja, utie kidonge, utikise. Yakigeuka rangi ya waridi, klori imo, wadudu wa kipindupindu wamekufa. Yakibaki meupe, klori hakuna, na jina la robine liandikwe kwa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu ya Libérat ilikauka wino bila kuandika neno.

Wamama wa avenyu moja, barabara inayoteremka mpaka bandarini, walimwita Docta wa Maji. Akitokea tu na mkoba wake walianza kumchokoza: Docta, mugonjwa wako ameamukaje? Naye alizoea kujibu kwamba mgonjwa amepona, anawasalimu. Wakati maji yakitiririka zile dakika tano, walisukuma bidoni zao, madumu ya plastiki, chini ya robine, maana nani atakaa kutazama maji yakipotea baada ya kuyangoja siku tatu? Umeme wa mashine za kusukuma maji ulikatika kama ulivyotaka. Mabomba nayo, tangu mafuriko yayang'oe, yalikuwa yameungwaungwa kwa vipande vya mpira na kamba, yamelala ndani ya mifereji ya maji machafu. Bomba likikaa tupu, lilinyonya maji ya mfereji. Maji yakirudi, yalisukuma uchafu huo mbele yake mpaka kwenye robine. Libérat alilijua hilo vizuri. Ndiyo sababu ya zile dakika tano.

Na bidoni ya kwanza ilikuwa ya mlinzi wa robine. Desturi hiyo ilianza siku robine ilipojengwa: mwenye ufunguo ndiye anayekaa juani tangu asubuhi, ndiye anayeamua ugomvi wa mstari, basi achote wa kwanza. Ilikuwa heshima yake. Mlinzi wa pale aliitwa Claudette, mama wa binti mmoja wa miaka saba, Inamahoro.

Mwezi wa tatu kipindupindu kilimchukua Inamahoro. Alianza kuharisha alfajiri. Saa nane mchana walikuwa wanamfunika uso. Watu wengine kumi na mmoja wa avenyu hiyo walilazwa.

Msiba haujamalizika, mkubwa wa mradi, ambaye kila mtu alimwita Injenieri, akaandika barua. Ilisema maji yanapimwa kila wiki tangu miaka tisa na hayajaonekana na kosa hata siku moja, daftari lipo. Kwa hiyo ugonjwa umetoka kwenye bidoni na mikono ya mlinzi, ambaye mtoto wake mwenyewe ndiye aliyeugua wa kwanza. Kikao cha Ijumaa kingeamua kama aondolewe. Aliyetumwa kuipeleka barua ni Libérat, kwa kuwa Jumanne anapita huko.

Claudette aliisoma amesimama, ufunguo ukining'inia shingoni. Akairudia. Siku hiyo wamama hawakumchokoza mtu. Maji yalikuwa yanarudi baada ya siku tatu; bomba lilikohoa, likatema hewa, yakaja. Bidoni ya Claudette ilikuwa tayari chini ya robine. Libérat aliikazia macho saa yake, kama mtu anayejificha nyuma ya kazi.

"Papa Libérat," Claudette alisema, "ile maji unamwagaka mbele ya kupima, unazaniaka inaendaka wapi?"

"Chini, Mama Inamahoro. Ni ya kusafisha bomba."

"Haiendake chini." Aliivuta bidoni yake iliyojaa, akaweka nyingine mahali pake. "Njo hii. Hii njo minye nilikuwa napatiaka mutoto. Pima hii."

Alitaka kumwambia hairuhusiwi. Badala yake akapiga goti kando ya bidoni. Akachota kichupa, akatia kidonge, akatikisa. Meupe. Akasema pengine vidonge ni vya zamani, akafungua pakiti mpya. Meupe vilevile. Dakika tano zilipotimia akapima ya robine: waridi, nzuri, ileile ya kila Jumanne. Akavisimamisha vichupa juu ya ukuta wa saruji, na wamama wakaja kutazama mmoja mmoja bila kusukumana. Pale hapakuhitajika mtu aliyesoma.

Claudette hakulia. Alisema polepole kwamba alikuwa anamchagulia mtoto maji ya kwanza kwa sababu hayo hayajaguswa na mtu.

Libérat akaandika yote mawili katika daftari: maji ya kwanza, klori hakuna, baada ya dakika tano, klori ipo. Kalamu nyekundu ilikataa, akatumia ya bluu na kupiga mstari mara tatu.

Injenieri alisoma ukurasa ule bila kukasirika. Aliuliza alifundishwa dakika ngapi. Tano. Basi hii ya dakika sifuri imetoka wapi? Libérat akajibu kwamba ndiyo maji wanayokunywa watu.

"Minye sikukutuma upime watu," Injenieri alisema. "Nilikutuma upime maji."

Kisha akamweleza kwa upole kwamba wafadhili wako njiani, kwamba kipimo kilichovunja sheria si kipimo, kwamba hakuna anayemwomba kudanganya, ni kunakili ukurasa upya kama inavyotakiwa. Na Libérat, ambaye hakuwahi kudanganya, akanakili. Akatia sahihi, Injenieri akagonga kashe, muhuri wa mradi. Ukurasa wa kwanza, uliochanwa daftarini, akaukunja akautia mfukoni mwa shati, akadhani kuweka karatasi mfukoni ni ushujaa.

Ijumaa walikutana katika darasa la shule, watu wakijibana kwenye madawati ya watoto. Daftari lilisomwa Jumanne kwa Jumanne, safi, safi, safi. Claudette hakumtazama aliyesoma, alimtazama Libérat. Hapo Libérat akasimama, akatoa karatasi yake, akaisoma mpaka mwisho. Injenieri akaiomba, akailaza kando ya daftari, akauliza mbele ya wote:

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Na huu wa mu daftari, tarehe ileile?"

"Wangu."

"Sasa wazee, tuamini mukono wake gani? Ule uko na kashe, ao ule umetoka mu mufuko?"

Wengine wakacheka, na hao wanajulikana. Libérat akasamehewa hadharani. Ikasemwa kwamba amechoka. Claudette akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani. Katika rapoti ya kikao, yenye kashe, imeandikwa kwamba mtoto Inamahoro aliuawa na uchafu wa nyumbani kwao. Mamake alisikia ikisomwa.

Lakini vichupa vilikwisha kuonwa. Mlinzi mpya, Naomie, alikataa bidoni ya kwanza. Kila maji yaliporudi, wamama waliyamwaga mferejini, wakihesabu kwa sauti mpaka dakika tano ziishe, ndipo wakachota. Miezi miwili mtu wa avenyu hiyo hakulazwa. Injenieri akapita na gari, akaona maji yanatiririka ovyo, akasikitika. Wiki iliyofuata ubao ulipigiliwa juu ya robine, kwa herufi nyeusi: NI MARUFUKU KUMWAGA MAJI. ATAKAYEMWAGA, ROBINE ITAFUNGWA.

Jumanne Libérat alifika, akausoma ubao, akasoma tena. Maji yalikuwa yanarudi siku hiyohiyo. Bidoni ya Naomie ilikuwa chini ya robine, na Naomie mwenyewe alitazama pembeni. Mwisho wa mstari alisimama Claudette na bidoni yake, kama wengine. Libérat aliweka mkono juu ya robine, asifungue.

"Mwaga, Docta," Claudette alisema kutoka kule nyuma. "Weye njo uko na ruhusa."

Naomie akaiondoa bidoni yake. Libérat akafungua, maji yakaanguka chini ya ubao, na mstari mzima ukangoja nyuma ya saa yake, dakika tano kamili, bila mtu kuchota hata kikombe. Hiyo ilikuwa Jumanne. Siku sita zilizobaki hazikuwa na Docta.