Kijicho Ndani ya Duara

Bang Hye-ran alikuwa ameongoza vikundi vya tiba kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kumletea keki za mchele. Hilo halikumsumbua hata siku moja, mpaka mwaka ule alipopewa Tak Seon-u awe kiongozi mwenzake.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha wazazi saba wenye watoto wakubwa waliojifungia vyumbani, watoto wasiosoma, wasiofanya kazi, wasiotaka kuonana na mtu. Walikutana kila Jumatano saa nane mchana, ghorofa ya tatu ya kituo kimoja cha afya ya akili mjini Gunsan, kwa wiki kumi na mbili. Viti viliwekwa duara. Siku ya kwanza Hye-ran aliwaeleza sheria kama alivyozoea: yasemwayo hapa yabaki hapa, hakuna kumkatiza mwenzako, hakuna kumpa ushauri asiyeuomba. Wazazi waliitikia kwa vichwa, mikono imefungwa vifuani.

Kisha Seon-u, aliyekuwa na miaka thelathini na moja, akajitambulisha. "Mimi nilijifungia chumbani miaka minne," alisema. "Nilitoka nikiwa na miaka ishirini na sita."

Mikono yote ikafunguka. Tangu dakika ile, hata Hye-ran alipouliza swali, wazazi walimjibu wakimtazama Seon-u.

Wiki ya tatu Mama Yun-gi, mjane mwenye duka la vitambaa sokoni, alikuja na kisanduku cha keki za mchele, akakiweka mapajani mwa Seon-u. "Kula, mwanangu. Umekonda mno. Hivi kwenu hakuna anayekupikia?" Seon-u akazungusha kisanduku, kila mtu akachukua. Kilipomfikia Hye-ran kilikuwa kimebaki na makombo tu. Alitabasamu, akakifunika.

Wiki ya nne mambo yakachafuka. Baba Se-hwan, fundi wa kuchomelea vyuma bandarini, mtu wa sauti nene, alimkatiza Hye-ran katikati ya sentensi.

"Mwalimu Bang, samahani nikuulize. Wewe una mtoto?"

"Sina, Baba Se-hwan."

"Ndiyo maana! Unaongea kama kitabu. Huu mwaka wa sita mwanangu hajanitazama usoni, wewe unaniuliza 'unahisi nini.' Nahisi nini! Mwachie kijana huyu atuongoze, wewe tuchemshie chai ya shayiri."

Wakacheka wote. Na Seon-u naye akacheka, kidogo tu, kisha akajizuia. Hye-ran alikiona kicheko kile.

Kwa kichwa, alijua kila kitu. Alikuwa akiwafundisha vijana wa chuo kwamba kikundi hupita hatua zake: kwanza watu huogopana, kisha hugombana na kumvamia kiongozi, ndipo hutulia, hufanya kazi ya kweli, na mwisho huagana. Kuvamiwa ni dalili kwamba watu wameanza kujisikia salama. Alifundisha pia kwamba penye viongozi wawili, kikundi hupenda kuwagawa, mmoja mama mzazi, mwingine mama wa kambo. Na dawa yake ni moja, viongozi wakae pamoja robo saa kabla na baada ya kila kikao, waambiane kila kilicho moyoni.

Jioni ile Seon-u alimfuata ofisini. "Mwalimu, tukae? Nilicheka pale, nilikosea."

"Hakuna haja ya kukaa," Hye-ran alisema, akivaa koti. "Ni hatua tu. Umesahau masomo yako?"

Wiki ya tano hakukaa naye. Wiki ya sita pia, kabla ya kikao, alisema ana simu ya kupiga. Hakuwa na simu. Alisimama chooni akijitazama kwenye kioo, akisikia kicheko cha wazazi kikitoka chumbani. Miaka kumi na tisa, shahada mbili, na huyu aliyefuzu juzi anapendwa kwa sababu tu aliwahi kuugua! Wazo lile lilimtia aibu, lakini hakuliacha. Aliingia nalo kikaoni.

Siku hiyo Mama Yun-gi alikuwa na swali. Alisogeza kiti chake mpaka magoti yakakaribiana na ya Seon-u.

"Mwalimu mdogo, siku ile uliyotoka. Nini kilikutoa? Mama yako alifanya nini? Nambie, na mimi nikafanye leo leo."

Uso wa Seon-u ukabadilika. "Kila mtu ana njia yake, Mama Yun-gi."

Hye-ran alijua alichopaswa kufanya. Kiongozi humkinga mwenzake, hulirudisha swali kwa muulizaji: unatumaini kusikia nini, mama? Maneno yalikuwa tayari ulimini. Na alijua pia kisa chenyewe, kwa kuwa Seon-u alimsimulia miezi minane nyuma, wakiwa wawili, akamwomba kibaki kati yao kwa sababu bado hakuwa na nguvu za kukisema.

"Seon-u," alisema, kwa sauti laini ile aliyowafundisha wengi namna ya kumkabili mtu kwa upole. "Wazazi hawa wanakufungulia mioyo kila wiki. Nadhani wana haki ya kusikia. Kuhusu mama yako."

Seon-u alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyepigwa na asiyeamini mkono ni wa nani. Kisha akawageukia wazazi, akasema polepole.

"Mama aliniwekea sinia mlangoni mara tatu kwa siku. Siku moja sinia halikuja. Nikadhani amenikasirikia, nikasubiri. Siku ya pili njaa ilinitoa. Nilimkuta jikoni, sakafuni. Moyo wake ulikuwa umesimama tangu jana yake. Hicho ndicho kilichonitoa."

Mama Yun-gi alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuvaa koti. Mama mwingine akaanza kulia kwa sauti. Na katikati ya hayo yote Hye-ran alihisi ndani yake kitu kama furaha, kidogo sana, cha muda wa kupepesa jicho tu. Ndicho kilichomtisha.

Kikao kilipokwisha, Seon-u alipanga viti ukutani kimoja kimoja.

"Lile lilikuwa langu, Mwalimu," alisema, akaondoka.

Wiki ya saba hakuja. Mama Yun-gi alikuja, macho yamevimba. Hye-ran alikaa kwenye duara peke yake, kiti cha pembeni yake kitupu, akawaambia.

"Wiki iliyopita nilimlazimisha Mwalimu Tak aseme jambo alilokuwa hajawa tayari kulisema. Sikufanya hivyo kwa ajili yenu. Nilimwonea wivu."

Baba Se-hwan akakunja uso. "Wivu? Wewe? Na vyeti vyote vile ukutani?"

"Mlimpenda kuliko mimi."

Mama Yun-gi ndiye aliyesema, akitazama vidole vyake. "Mimi namwonea wivu dada yangu. Mwanawe yuko benki. Simu yake ikilia naiacha ilie mpaka ichoke." Mwingine akasema yeye huvuka barabara akiona wanafunzi wa chuo wakicheka. Wakasema yote yale, wengine kwa mara ya kwanza maishani, na Hye-ran akaona kazi ya kweli ya kikundi imeanza. Hakuweza kujivunia.

"Haya mazuri," Baba Se-hwan alisema mwishoni. "Lakini kijana mwenyewe umemwambia?"

"Bado."

"Sasa unatuambia sisi kwanza kwa nini? Sisi ndio tuliochomwa?"

Siku ileile alipanda ngazi za jengo alimoishi Seon-u, akabonyeza kengele.

"Sifungui, Mwalimu," sauti ilisema kutoka ndani. "Sema hapo hapo."

Akasema akiwa amesimama nje ya mlango, majirani wakipita na mifuko ya mboga wakimtazama. Alisema neno wivu, alisema neno samahani, alitaja hata ile furaha ya kupepesa jicho.

"Nitakuja Jumatano," Seon-u alijibu hatimaye. "Kwa ajili yao. Na robo saa kabla, tutakaa."

Robo saa zile tano zilizobaki zilikuwa ngumu kuliko vikao vyenyewe. Wiki moja Seon-u alisema, "Bado nina hasira," wakakaa na hasira yake hadi muda ukaisha. Lakini duarani hawakugawanyika tena. Wiki ya kumi na mbili wazazi waliagana kwa machozi, na Hye-ran akamwomba Seon-u waongoze pamoja kikundi cha masika.

"Hapana, Mwalimu," Seon-u alisema. "Nimekusamehe kiasi. Kufanya kazi na wewe, siwezi."

Masika yalipofika, Seon-u akafungua kikundi chake mwenyewe mjini Iksan, cha vijana wanaoanza kutoka vyumbani. Mwezi wa tano Baba Se-hwan alimpigia Hye-ran simu, akipiga kelele kwa furaha hadi simu ikakwaruza.

"Mwalimu Bang! Se-hwan anakwenda kwake kila Alhamisi, anapanda basi mwenyewe! Anampenda Mwalimu Tak, hataki kusikia la mtu mwingine!"

Roho ikamuuma Hye-ran, palepale, kama zamani. Akaiacha iume.

"Nimefurahi, Baba Se-hwan," alisema, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli. "Nieleze. Siku ya kwanza ya kutoka, mwanao alivaa nini?"