Violeth wa Vyeti

Kitendawili: ulipewa bila kuomba, ni chako mpaka kaburini, ila wenzako wanakitumia kukuzidi. Umeshindwa? Nipe mji. Ni jina. Lakini Mbuke hata hilo la kuitwa shuleni lilikuwa la mwenziwe.

Darasa la saba Violeth Makoye alifaulu, Mbuke akafeli. Baba yake Violeth akapokea ng'ombe, binti akaenda kwa mume. Mwalimu mkuu akasema nafasi isipotee bure. Basi Mbuke akaingia sekondari akiitwa Violeth, na vyeti vyote mpaka cha kidato cha sita vikatoka hivyo.

Leo Mbuke na shahidi wake walikuwa kwenye benchi la ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, Shinyanga mjini. Aliyewaleta ni Mwahija, mwenye steshenari anayewajazia watoto wa wachimbaji maombi ya chuo.

"Bila cheti cha kuzaliwa chenye jina la shule, mkopo sahau," alikuwa amemwambia Mbuke. "Tafuta ndugu wa kukushuhudia."

Aliyekubali ni Violeth mwenyewe. Alitoka machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo alfajiri, mwanawe Luka mgongoni, vumbi la karasha la kusagia mawe bado limo kwenye nyusi.

"Hivi huko uuguzi mtasoma na kemia?" aliuliza.

"Tutasoma."

"Hesabu nilikuwa nakuburuza, unakumbuka?"

"Si nilikuwa nakopi kwako!"

Wakacheka. Mwahija akawakata jicho. "Mama Luka, leo wewe ni dada yake Violeth. Usije ukasahau."

"Nisahau nini, Mama? Kule machimboni jina hilo hakuna hata anayelijua."

Karani akachungulia dirishani. "Violeth Makoye!"

"Abee!"

Wameitika wawili. Wamesimama wawili.

Karani akavua miwani. "Nimeita mmoja, wameinuka wawili. Violeth ni nani?"

Mbuke aliikumbatia bahasha ya vyeti. Akisema ni yeye, anamfuta mwenzake akiwa hai, amesimama pale pale. Akisema siye, vyeti vyote vinakuwa vya mtu mwingine, na chuo ndiyo basi. Mwahija alijifanya anatafuta kitu kwenye pochi.

"Si nimeuliza? Au mnataka nimwite askari?"

Violeth akampandisha mtoto vizuri mgongoni, akaikaza kanga. Akamtazama Mbuke, viatu vyake vyeusi vya shule, bahasha aliyoikumbatia kifuani.

"Ni huyu, mzee," akasema. "Mimi ni Mama Luka."