Ndimi Alizozichonga Laurian

"Usiubane hivyo, shemeji. Uache upumue."

Mwalimu Urbano, kiongozi wa bendi ya usharika pale Ilongero, hakuwa mtu wa haraka. Anastazia akapuliza tena, na obo, ile zumari ya kizungu, ikalia kama mbuzi aliyekabwa. Akaishusha mapajani. Midomo ilimuuma, na moyo ulimuuma zaidi.

Tatizo lilikuwa ulimi, vile vipande viwili vya tete vinavyofungwa kwa uzi na kuchomekwa juu ya obo. Ndimi alizojifunzia alizichonga marehemu mumewe, Laurian, akiwa kitandani na kifua chake kibovu. Zilikuwa laini, ukizigusa kwa pumzi tu zinaitika. Lakini siku ya kuanua matanga, wifi yake Kristina, kwa nia njema kabisa, alifua kila kitu cha marehemu kabla hakijagawiwa. Mashati, blanketi, hata zile ndimi. Alizisugua kwa sabuni, akazianika juu ya bati, na upepo wa Singida hauna huruma. Zote zilipasuka. Kristina alilia kuliko mjane, sasa nani angemgombeza?

Zikabaki hizi za kiwandani, nene, zilizoletwa na wageni wa kanisa. Jumapili msalaba ungesimamishwa kaburini, na Anastazia alikuwa ameahidi kupiga pale wimbo aliofundishwa na mumewe. Aliutaka utoke kwa sauti ya Laurian, ile ndogo, ya karibu na sikio. Hakuwa na kitu kingine cha kumrudisha.

"Hii siyo sauti yake," alisema. "Bora nisipige."

Urbano akamweleza taratibu kwamba Laurian, alipokuwa mzima, alipigia ndimi ngumu kama hizi hizi. Alianza kuzikwangua ziwe nyembamba pumzi ilipoanza kumwishia, na kadiri alivyodhoofika ndivyo alivyozidi kuzikwangua.

"Uliyoijua wewe ni sauti ya ugonjwa, shemeji. Laurian mwenyewe hukuwahi kumsikia."

Ilikuwa kweli. Laurian alipomuoa alikuwa tayari anakohoa. Anastazia aliwaonea wivu watu wote wa Ilongero, hata wale walevi wa sokoni, kwa kuwa walimsikia mumewe na yeye hakumsikia. Alilia bila kuficha, na Urbano akamwacha alie.

Halafu Anastazia akaulowesha ulimi mdomoni, akalegeza midomo, akavuta pumzi kutoka tumboni. Sauti ikatoka nene, ya kukwaruza kidogo, ikajaza chumba na kutoka mpaka uani.

Huko uani mama mkwe wake alikuwa akipepeta uwele. Mdundo wa ungo ukakoma. Anastazia aliusikia ukikoma, akaogopa kuacha, akaingia ubeti wa pili.

Kupitia mlangoni alimwona bibi yule amekaa ameielekea njia itokayo kanisani, ile aliyorudia Laurian kutoka mazoezi ya bendi alipokuwa mzima, shingo ameinyoosha. Ungo ulikuwa umelala upande na uwele unamwagika, kuku wanadonoa miguuni pake, wala hawafukuzi.